Namba za usajili za vyombo vya Starfleet: zinafuata mpangilio gani?

Kibanda_cha_Nyota ameuliza:

Wadau, salamu kwenu nyote.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandaa orodha ya vyombo vya anga vya Starfleet (kikosi cha anga cha Shirikisho la Sayari) vinavyotajwa katika hadithi za Star Trek, kuanzia tamthilia ya kwanza iliyoanza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 hadi zile za miaka ya karibuni. Nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Ningeandika jina la chombo, aina yake, mwaka wake katika hadithi na namba yake ya usajili, kisha ningeipanga orodha kwa namba, na historia ya kikosi kizima ingejionyesha yenyewe tangu chombo kikuukuu hadi kipya. Nilipofika jina la ishirini hivi nikaona kwamba nimejidanganya.

Enterprise ya Kapteni Kirk ni NCC-1701, na katika hadithi ilizinduliwa mwaka 2245. Voyager, iliyoanza safari mwaka 2371, ni NCC-74656. Hapo hesabu inakubali: namba inapanda kadiri miaka inavyosonga. Lakini Discovery, ambayo mwaka 2256 ilikuwa chombo kipya kabisa, ni NCC-1031, yaani namba ndogo kuliko ya Enterprise iliyoitangulia kwa zaidi ya miaka kumi. Constellation, ambayo ni ya aina ileile ya Enterprise, ni NCC-1017. Ukija kwa vyombo vya aina ya Excelsior, Repulse ni NCC-2544 na Hood ni NCC-42296, na kwa kuvitazama tu huwezi kuvitofautisha.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, herufi NCC zina maana gani. Pili, namba yenyewe hutolewa kwa kufuata nini, iwe ni tarehe ya kuzinduliwa, aina ya chombo au jambo jingine. Tatu, zile herufi A, B, C zinazobandikwa nyuma ya namba ya Enterprise zina kanuni gani. Ningefurahi zaidi kama mtakaojibu mtatenganisha kile kilichoonekana kwenye skrini na kile ambacho mashabiki tumekijazia wenyewe.

Fundi_Bawa amejibu:

Ndugu Kibanda, nitajibu swali la kwanza peke yake, kwa sababu linagusa kazi ninayoifanya kila siku.

Kila ndege ya kiraia hubeba herufi za nchi iliyoisajili. Ukisimama uwanjani ukaona 5H unajua ni ya Tanzania, 5Y ni ya Kenya, 5X ni ya Uganda, na N ni ya Marekani. Zamani, hadi mwishoni mwa mwaka 1948, Wamarekani waliongeza herufi ya pili baada ya N ili kuonyesha ndege imeruhusiwa kufanya kazi gani: NC ilikuwa ya ndege za kawaida za kibiashara, NR ya zile zenye masharti maalumu, na NX ya ndege za majaribio. Ndege ambayo Charles Lindbergh aliivukia Atlantiki mwaka 1927 iliandikwa N-X-211, na ukitazama picha zake utaziona herufi hizo waziwazi.

Sasa, aliyeichora Enterprise ni Matt Jefferies, naye alikuwa rubani na mpenzi mkubwa wa ndege za zamani. Alipotakiwa kuandika kitu kwenye mwili wa chombo alianza na NC ya Marekani, kisha akaongeza C moja zaidi. Yeye mwenyewe alieleza kwamba C hiyo aliitoa upande wa Wasovieti, ambao ndege zao zilibeba maandishi CCCP, kwa kuwa aliamini kwamba binadamu wakifika mbali angani watakuwa wamefika kwa kushirikiana. Kumbukeni kwamba wakati huo Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa zikishindania mwezi.

Tarakimu nazo alizichagua kwa jicho la mchoraji. Hakutaka 3, 6, 8 wala 9, kwa sababu katika televisheni ndogo za wakati ule ingekuwa rahisi kuzichanganya. Ukiziondoa hizo nne, 1701 ni namba inayosomeka hata chombo kikipita haraka mbele ya kamera. Ndiyo kusema namba maarufu kuliko zote katika hadithi hizi ilizaliwa kwa ajili ya kusomeka, na mfumo ulitafutwa baadaye.

Maelezo kwamba NCC ni kifupi cha maneno yenye maana ya mkataba wa ujenzi wa jeshi la majini yameenea sana miongoni mwa mashabiki, lakini Jefferies hakuwa na mkataba wowote akilini. Yachukue kama ufafanuzi uliofuata, wala usiyaweke kwenye orodha yako kama chanzo.

Nyongeza moja kuhusu NX. Waandishi wa baadaye waliichukua kwa maana ileile ya ndege za majaribio. Katika filamu ya mwaka 1984 Excelsior ni NX-2000, kwa sababu bado inajaribiwa, na katika filamu ya mwaka 1991 ni NCC-2000, kwa sababu imekwisha kupita majaribio. Mabadiliko hayo ni ya kanuni kabisa. Hata mkaguzi wangu angeyapitisha.

Bi_Gundi amejibu:

Mimi nimeunganisha modeli za plastiki za vyombo hivi tangu nikiwa msichana, kwa hiyo nitaanza na NCC-1017, ambayo siri yake imo ndani ya boksi la vibandiko.

Kipindi ambacho Constellation inaonekana ikiwa imeharibiwa vibaya kilirushwa mwaka 1967. Watengenezaji hawakuwa na fedha wala muda wa kujenga chombo kingine kikubwa cha kupigia picha, hivyo walichukua modeli ya Enterprise iliyokuwa ikiuzwa madukani na kampuni ya AMT, wakaichoma na kuibomoa hapa na pale, kisha wakazipanga upya tarakimu zilizokuja na boksi lenyewe. Tarakimu zilikuwa 1, 7, 0 na 1. Je, ungepata nini? Ukiandika 1710 mtazamaji angedhani ni Enterprise yenyewe, ilhali 1017 inatofautika mara moja. Hiyo ndiyo sababu yote. Hakuna ofisi ya usajili iliyohusika, ila mkasi na gundi.

Lakini ndugu Kibanda ametaka kujua kama ndani ya hadithi kuna kanuni, na hapo pana jambo la kuvutia zaidi. Jefferies mwenyewe, baada ya kuichagua 1701 kwa ajili ya macho, aliitafutia maana: ni muundo wa 17 wa chombo kikubwa cha kikosi, na chombo cha kwanza cha muundo huo. Kinachofuata kingekuwa 1702, halafu 1703, na kuendelea. Kwa maneno mengine, tarakimu mbili za mwanzo ni aina na mbili za mwisho ni zamu ya kujengwa.

Nimeijaribu kanuni hiyo kwa vyombo vya aina ya Miranda, na nilishangaa. Reliant ya filamu ya mwaka 1982 ni NCC-1864. Saratoga ya filamu ya mwaka 1986 ni NCC-1887. Lantree, iliyoonekana katika tamthilia ya pili (The Next Generation), ni NCC-1837. Zote tatu ni Miranda na zote zinaanza na 18! Ungesema kwamba mtu ofisini alikuwa na daftari mbele yake. Kisha unakutana na Brattain, ambayo pia ni Miranda, nayo ni NCC-21166, na kanuni inakufa palepale. (Brattain yenyewe iliandikwa kimakosa kwenye modeli ikasomeka Brittain, jambo linaloonyesha kiwango cha uangalifu tunaoushughulikia hapa.)

Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, ni jedwali. Katika kipindi cha mwaka 1967 kiitwacho "Court Martial", ukutani kwenye ofisi ya Komodoo Stone kuna jedwali la hali ya vyombo vilivyopo kituoni, likiwa na namba kumi: 1709, 1831, 1703, 1672, 1664, 1697, 1701, 1718, 1685 na 1700. Hakuna jina hata moja. Karibu kila namba ya vyombo vya zama za Kirk mnayoisoma katika vitabu imetokana na jedwali hilo, kwa njia hii: katika miaka ya 1970 shabiki mmoja aitwaye Greg Jein, ambaye baadaye alikuja kuwa mjenzi wa modeli za filamu, alichukua majina ya vyombo yaliyotajwa katika tamthilia na kuyaoanisha na namba hizo. Kazi yake ilipokelewa na waandishi wa marejeo rasmi, na ndiyo maana Exeter ni 1672 na Lexington ni 1709. Kwa upande mwingine, mchoraji Franz Joseph, katika kitabu chake cha mwaka 1975, aliwapa ndugu wa Enterprise namba za mfululizo kuanzia 1700, kama Jefferies alivyokusudia. Hapo ndipo mgawanyiko ulipoanza, na hadi leo wako mashabiki wanaogombana juu yake.

Mimi naona Jein alifanya dhana moja ambayo haikuwa lazima. Jedwali halisemi kwamba vyombo vyote kumi ni vya aina moja. Mwaka huohuo wa 1967, katika kipindi kingine, Kirk anasema kwamba vyombo kama chake ni 12 tu katika kikosi kizima. Je, ni kawaida 10 kati ya 12 vikutane kwenye kituo kimoja kwa wakati mmoja? Kama tukikubali kwamba zile za 16 ni za muundo wa 16, na 1831 ni ya muundo wa 18 pamoja na kina Reliant, basi kanuni ya Jefferies inasimama kwa miguu yote miwili katika zama za Kirk, isipokuwa kwa Constellation, ambayo tumekwisha kuiona asili yake.

Karani_wa_Gati amejibu:

Bi Gundi, shikamoo. Hoja yako ya jedwali nimeipenda sana, lakini nitaenda upande mwingine kidogo, kwa kuwa nadhani swali la pili limeulizwa kwa namna inayoficha jibu. Ndugu yetu ameuliza kama nambari inafuata tarehe ya kuzinduliwa au aina. Kuna tarehe nyingine ambayo hajaitaja, nayo ni ile ambayo chombo kiliingizwa kitabuni.

Chukua gari. Hapa Kenya, na kwa jirani zetu wa Tanzania vilevile, watu hukadiria upya wa gari kwa kuangalia herufi za bamba. Lakini gari lililotumika Japani kwa miaka saba, likashushwa Mombasa na kusajiliwa mwezi uliopita, lina bamba jipya kuliko la gari lililonunuliwa likiwa jipya miaka mitatu iliyopita. Bamba halisemi gari lilitengenezwa lini. Linasema lilipita mezani kwa karani lini. Nimekaa kwenye meza ya namna hiyo bandarini kwa muda wa kutosha kujua kwamba karani haoni chombo, anaona karatasi.

Katika jeshi la majini la Marekani, ambalo Starfleet imeiga mambo mengi kwake, nambari ya manowari hutolewa wakati ujenzi wake unapoidhinishwa, kabla hata mkuku haujalazwa. Mwaka 1949 manowari ya kubeba ndege iitwayo United States, nambari 58, ilifutwa siku tano tu baada ya mkuku wake kulazwa. Nambari 58 haikurudishwa. Iliyofuata, Forrestal, ilichukua 59. Kwa hiyo anayehesabu manowari kwa kutazama nambari anahesabu pia moja ambayo haikuwahi kuelea.

Tena majeshi halisi huvunja mfululizo wao kwa sababu ambazo mashabiki wangeziita makosa ya waandishi. Nyambizi za Marekani zilifika nambari 773, yaani Cheyenne iliyoanza kazi mwaka 1996, halafu mwaka 1997 ikaja Seawolf yenye nambari 21, kwa sababu mradi wake ulikuwa ukiitwa nyambizi ya karne ya 21 na jina la mradi likageuka kuwa nambari. Dada zake wakawa 22 na 23. Baada yao Virginia ilirudi kwenye mstari ikachukua 774, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama Seawolf ingekuwa ya Starfleet, tungekuwa tumeandika kurasa mia kuthibitisha kwamba ilijengwa zamani za kale.

Nao Waingereza wana lao. Manowari yao Lancaster ilipangiwa nambari F232, kisha ikabadilishwa kuwa F229, kwa kuwa fomu ya kuripoti meli iliyopanda mwamba au kugongana ilikuwa na nambari 232. Baharia hataki kusafiri na fomu ya ajali imeandikwa ubavuni.

Kwa hiyo Discovery yenye 1031 hainisumbui. Inawezekana oda yake ilisajiliwa mapema, ikakaa kabatini kwa miaka, ikafunguliwa teknolojia yake ilipokuwa tayari. Hilo halikusemwa kwenye skrini. Ni tafsiri yangu tu, na ndugu Kibanda naomba uiandike hivyo.

Kibanda_cha_Nyota ameandika:

Nawashukuru sana, hasa kwa kunionyesha kwamba tarehe ya kitabuni na tarehe ya kuzinduliwa si kitu kimoja. Hata hivyo nimepiga hesabu iliyonikosesha usingizi, na naomba mniambie ninakosea wapi.

Kutoka 1701 ya mwaka 2245 hadi 74656 ya mwaka 2371 kuna tofauti ya namba 72,955 katika miaka 126. Hiyo ni wastani wa namba 579 kwa mwaka. Sasa katika kipindi cha mwaka 1990 kuhusu uvamizi wa Borg (maadui walio nusu viumbe, nusu mashine), Starfleet inapeleka vyombo 40 kwenye vita vya Wolf 359 na inapoteza 39, na msiba huo unaelezwa kama pigo kubwa kabisa. Afisa Shelby anasema kikosi kitajengwa upya kwa muda unaopungua mwaka mmoja. Kama kweli walikuwa wakisajili vyombo 579 kila mwaka, vyombo 39 vingekuwa kazi ya wiki tatu au nne. Ama namba zinadanganya, ama Shelby.

Pia nilisahau kuuliza kuhusu Yamato, ambayo nimeikuta na namba mbili tofauti.

Msema_Kweli amejibu:

Nitakuwa mfupi. Ni vibandiko. Tamthilia ya pili ilipoanza mwaka 1987 walitaka namba zenye tarakimu tano ili mtazamaji aone kwamba miaka imepita, na hakuna aliyekaa chini kupiga hesabu ya vyombo kwa mwaka. Modeli ya Grissom ya filamu ya mwaka 1984, iliyokuwa NCC-638, ndiyo ileile iliyogeuzwa kuwa Tsiolkovsky, NCC-53911. Umbo lilelile, plastiki ileile, na usajili umeruka zaidi ya namba elfu hamsini.

Karani_wa_Gati amejibu:

Ndugu Msema Kweli, hakuna anayebisha kwamba ni vibandiko; Bi Gundi amelisema hilo vizuri kuliko wewe. Raha ya mada hii ni kuuliza kama vibandiko vinaweza kusomwa kama rekodi moja.

Kuhusu hesabu ya 579, kosa la ndugu Kibanda ni kudhani kwamba kila nambari ni chombo kikubwa cha vita. Tazama mashua ndogo za kituo cha Deep Space Nine: Rio Grande ni NCC-72452, Yangtzee Kiang ni NCC-72453 na Ganges ni NCC-72454. Nambari tatu za mfululizo kwa vyombo vinavyobeba watu wachache, na ni wazi kwamba viliandikwa kitabuni siku moja, karatasi juu ya karatasi. Vyombo vidogo zaidi vinavyokaa tumboni mwa chombo kikubwa havipewi nambari yake mwenyewe. Galileo ya zama za Kirk ilibeba NCC-1701/7, yaani chombo cha saba cha mama yake. Mpaka uko hapo. Kinachoweza kusafiri chenyewe kati ya nyota kina ukurasa wake, na kisichoweza kinaandikwa chini ya jina la mama.

Sasa ukiingiza mashua hizo, vyombo vya mizigo, vya hospitali na vya utafiti, pamoja na oda zilizofutwa kama ile manowari 58, nambari 579 kwa mwaka zinaweza kumezwa bila shida, na vyombo 39 vya vita vikabaki kuwa pigo zito. Kikosi hicho kinalinda Shirikisho lenye sayari zaidi ya 150. Idadi hiyo ya usajili si kubwa.

Kuna pia herufi NAR. Vico, chombo cha utafiti, ni NAR-18834, na Raven, iliyoibeba familia ya Seven of Nine (mhusika wa tamthilia ya Voyager), ni NAR-32450. Kwa muda nilidhani NAR na NCC vinachota kutoka kitabu kimoja, jambo ambalo lingeeleza ongezeko lote kwa pigo moja. Lakini mifano miwili haitoshi kujenga juu yake, na nimeiacha dhana hiyo.

Bi_Gundi amejibu:

Marahaba, karani wetu, na mpaka huo wa vyombo vidogo umeuchora vizuri.

Yamato ni kisa cha kuchekesha. Katika kipindi cha mwaka 1988, afisa Riker wa Enterprise anaiona na kuitamka namba yake kwa sauti: NCC-1305-E. Miezi michache baadaye, mwaka 1989, Yamato inaonekana tena ikiwa na NCC-71807. Bahati ya waandishi ni kwamba Yamato ya kwanza haikuwa ya kweli. Ilikuwa kiini macho kilichotengenezwa na kiumbe Nagilum aliyekuwa akiwachezea. Kwa hiyo namba ya kwanza ni ya mwongo ambaye hakufika kwenye ofisi ya usajili. Andika 71807, ambayo inaendana vizuri na ndugu zake: Galaxy yenyewe ni 70637 na Odyssey ni 71832.

Lakini hebu itazameni tena ile herufi E. Aliyeiandika mwaka 1988 alidhani kwamba herufi za mwisho ni kanuni ya kikosi kizima, kwamba kila jina linalorithiwa hupata herufi. Sivyo ilivyokuwa. Enterprise ya kwanza iliteketezwa katika filamu ya mwaka 1984, na mwishoni mwa filamu ya mwaka 1986 Kirk na wenzake wanapewa nyingine iliyoandikwa NCC-1701-A. Hiyo ni heshima kwa jina moja na kwa mabaharia wake. Tamthilia ya mwaka 1987 ikaanza na D, na waandishi wakawa na deni la B na C, ambalo walililipa polepole: C katika kipindi cha mwaka 1990 na B katika filamu ya mwaka 1994. E ikaja mwaka 1996.

Kwamba ni heshima wala si kanuni, shahidi wangu ni Defiant. Ile ya Deep Space Nine, NX-74205, iliharibiwa vitani. Wakapewa chombo kingine cha aina hiyohiyo, São Paulo, NCC-75633, kikabadilishwa jina kuwa Defiant kwa ruhusa maalumu. Hakuna A. Kwenye picha za vita vya mwisho ilionekana tena NX-74205, lakini hilo ni kwa sababu picha za zamani zilitumiwa upya ili kuokoa fedha. Huku ndiko kunakofanana na jeshi la majini la kweli: Enterprise ya Marekani iliyoanza kazi mwaka 1938 ilikuwa nambari 6, ya mwaka 1961 ilikuwa 65, na inayojengwa sasa ni 80. Jina hurithiwa, namba haigusiki. Starfleet inafanya hivyo karibu kwa vyombo vyote, na kwa Enterprise inafanya kinyume.

Miaka ya karibuni heshima hiyo imeshuka thamani. Discovery, baada ya kuhamia karne ya 32 na kukarabatiwa, iliandikwa NCC-1031-A ingawa ni chombo kilekile. Katika zama hizo Voyager imefika NCC-74656-J. Na mwaka 2023 tukaona Titan, NCC-80102-A, ikibatizwa Enterprise na kuwa NCC-1701-G, yaani chombo kikivua namba yake halali na kuvaa ya ukoo mwingine. Mimi sikuipenda. Namba ya usajili ikishakuwa nishani, haiwezi tena kumsaidia mtu kutafuta chombo kitabuni.

Fundi_Bawa amejibu:

Kwetu ndege ikibadilisha nchi ya usajili hubadilishwa alama zote, lakini kuna bamba dogo la chuma lenye namba ya kiwandani ambalo haliondolewi kamwe. Titan ile lazima inalo mahali fulani. Ndugu Kibanda, kama orodha yako ina nafasi, weka safu ya ganda la chombo mbali na safu ya jina, ili Titan na Enterprise G zikae kwenye mstari mmoja.

Kibanda_cha_Nyota ameandika:

Nimeifuata rai ya Fundi. Orodha sasa ina safu ya ganda, safu ya majina, na safu ya namba yenye maelezo ya mahali ilipoonekana: kwenye mwili wa chombo, kwenye kibao cha uzinduzi, kwenye skrini ya ndani, au imetamkwa. Ile ya kutamkwa nimeiweka mwisho kwa sababu ya Nagilum. Namba za Jein nimezitia alama ya kwamba zimeoanishwa baadaye na hazikuonekana pamoja na jina. Sipangi tena kwa mwaka wa kuzinduliwa.

Nimebakiwa na Prometheus ya mwaka 1998. Kwenye mwili imeandikwa NX-59650, na kwenye kibao chake ndani ni NX-74913. Zote zimo katika kipindi kimoja, na hakuna Nagilum wa kumsingizia. Niiweke wapi?

Karani_wa_Gati amejibu:

Kibao huwekwa na wajenzi wakati wa kuzindua, na maandishi ya nje hupakwa na yeyote mwenye brashi. Kazini kwangu, karatasi na ubavu wa meli vikitofautiana, meli haiondoki hadi mmoja wapo urekebishwe. Prometheus iliibwa kabla ya kukabidhiwa, kwa hiyo labda rangi ya pili ilikuwa bado haijapakwa. Iweke kwenye 74913.

Bi_Gundi amejibu:

Mimi ninayo modeli yake kabatini, na nimebandika 59650, kwa sababu ndiyo inayoonekana ukiitazama. Ziandike zote mbili, ndugu yangu, na usikubali karani akulazimishe.